Ogesha Kwanza, Paka Mafuta Baadaye

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kifaa kidogo kinachokaa kwenye rodi ya kuvulia samaki, yaani rili. Nazungumza na baharia wa mashua za kurambaza kule Watamu, Shimoni na Mafia. Nazungumza pia na kijana anayetoka kazini jioni akaenda kurusha mshipi kutoka kwenye miamba ya Mombasa au Dar es Salaam, na yule aliyeletewa rili nzuri na ndugu yake aliye ng'ambo, ikakwama kabla mwaka haujaisha.

Malalamiko ni yale yale kila pwani. Rili ilikuwa laini, sasa inakwaruza. Ilikuwa kimya, sasa inavuma. Ukiuliza dawa, jibu litakuwa moja: itie mafuta! Basi mtu huchukua kopo, akamimina kwenye kila tundu analoliona, akazungusha mkono wa rili mara kadhaa, akatabasamu. Kweli imelainika. Baada ya wiki chache inarudi kukwaruza, tena vibaya zaidi, na lawama zote zinamwangukia mtengenezaji: rili za siku hizi hazifai.

Mimi leo natetea kauli moja. Ulaini wa rili hutokana zaidi na kile unachokiondoa kuliko kile unachokiongeza. Kuitia mafuta rili iliyojaa chumvi na mchanga ni sawa na kumpaka mtoto mafuta kabla hujamwogesha. Atang'aa, lakini uchafu wote uko palepale, na sasa umenata. Ndani ya rili mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mchanga uliochanganyika na mafuta husaga meno ya gia kila unapozungusha mkono.

Tuanze na asili ya kifaa chenyewe, maana asili yake inatueleza kinavyotaka kutunzwa. Rili za kisasa zimepita sana mikononi mwa mafundi saa. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji wa Paris ulioko Kentucky, Marekani, fundi saa George Snyder alitengeneza rili yenye gia, ambayo spuli yake, ile sehemu inayozungushiwa mshipi, huzunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa mkono. Kampuni ya Abu ya Svängsta, Uswidi, ilianzishwa mwaka 1921 kama kiwanda cha saa kabla ya kuingia kwenye rili, na mwaka 1952 ikatoa rili yake mashuhuri ya Ambassadeur. Rili za Mitchell nazo zilitoka Cluses, mji wa Ufaransa uliobobea katika vipuri vya saa.

Rili ya aina ya pili, ile inayoning'inia chini ya rodi na ambayo vijana wetu wengi wanaitumia, ina asili nyingine. Mwingereza Alfred Holden Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo vya Bradford, aliisajili mwaka 1905. Viwandani uzi huchomoka kichwani mwa bobini iliyotulia, bila bobini yenyewe kuzunguka. Rili yake ilifuata mwendo huohuo: ukirusha, spuli inatulia na mshipi unatoka kwa mbele.

Saa na mashine za nguo! Hakuna fundi saa anayemimina mafuta kwenye saa. Anaifungua, anaisafisha, kisha anagusisha tone kwa ncha ya sindano. Tabia hiyo ndiyo iliyotupotea njiani. Uvuvi wa rodi si mgeni kwetu. Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934, na hata kabla yake wageni walikuwa wakija. Rili tumezijua kwa vizazi vitatu au vinne. Utunzaji wake tumeuacha kwa kopo la mafuta.

Sasa tumtazame adui. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Tone likiruka kwenye rili likakauka, maji yanaondoka, chumvi inabaki. Wengi wetu tunadhani ikishakauka imelala, haina madhara. Hapo ndipo tunapokosea. Chumvi hunywa unyevu kutoka hewani. Hewa ikifikia unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe bila kumwagiwa hata tone la maji. Chumvi ya bahari huwahi hata kabla ya hapo, kwa sababu ina magnesiamu ndani yake. Mama yeyote wa pwani ameliona jambo hili kwenye kichupa cha chumvi mezani, ndiyo maana wengine hutia punje za mchele humo. Na usiku wa pwani yetu, unyevu kuvuka kiwango hicho ni jambo la kawaida.

Kwa hiyo ile rili uliyoiweka kabatini ikiwa kavu, usiku inalowa. Mchana inakauka, usiku inalowa tena. Inaliwa ukiwa umelala.

Utaniambia, rili yangu imeandikwa kwamba beringi zake ni za chuma kisichoshika kutu. Ni kweli, lakini chuma hicho si sawa na cha kijiko chako. Beringi inabeba mzigo, kwa hiyo chuma chake hutengenezwa kigumu kwa kuongezwa kaboni, na kadiri kinavyopata ugumu ndivyo uwezo wake wa kukinza kutu unavyopungua. Chumvi hukitoboa vishimo vidogo usivyoviona kwa macho. Mkono wako ndio unaoviona: ule mkwaruzo kidoleni unapozungusha polepole. Tena kwenye rili nyingi za kurusha, mzunguko mmoja wa mkono huzungusha kichwa cha rili mara tano au sita. Kasoro ndogo ya ndani unaisikia mara tano au sita.

Kuna pia ugomvi wa metali. Mwili wa rili mara nyingi ni alumini, skrubu zake ni chuma. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Ule unga mweupe unaouona kuzunguka skrubu ndio huo. Siku ukija na bisibisi, skrubu imeganda, ukilazimisha inakatika kichwa. Tiba yake ni rahisi mno: siku rili ingali nzima, toa skrubu moja moja, paka grisi kidogo kwenye nyuzi zake, rudisha.

Haya, tuiogeshe rili. Ukitoka baharini siku hiyohiyo, usingoje kesho, kaza kwanza breki. Breki ni kile kitufe cha kukaza kinachozuia mshipi usitoke ovyo samaki anapokimbia. Ukikikaza, maji hayapati njia rahisi ya kuingia kwenye washa za breki. Kisha nyunyizia maji baridi kidogo, kama mvua ya rasharasha. Usielekeze mpira wa maji wenye nguvu. Mpira wa kuoshea mashua gatini ni mzuri kwa sitaha, ila kwa rili unaisukuma chumvi iliyokuwa nje iingie ndani, mahali ambapo hutaifikia bila kufungua. Wala usiitumbukize kwenye ndoo.

Chombo kizuri kuliko vyote kwa kazi hii ni chupa ya kupulizia, ile ya kinyozi. Nusu lita ya maji inatosha rili kadhaa. Hili si dogo kwa watu wa visiwani na vijijini ambako maji huja kwa madumu na kila dumu lina bei yake.

Na hapa nina onyo ambalo vitabu vya maelekezo vya Japani na Marekani haviliandiki. Yaonje maji yako! Visima vingi vya pwani vina chumvichumvi. Ukiosha rili kwa maji hayo umebadilisha chumvi kwa chumvi, na umejidanganya kwamba umesafisha. Kama kisima chako ni hicho, kinga maji ya mvua uyaweke kwenye chupa yako, au tumia maji ya bomba.

Ukimaliza, futa kwa kitambaa laini, kung'uta, kisha legeza breki kabisa. Wengi husahau hatua hii ya mwisho. Washa za breki zikikaa zimebanwa kwa wiki nzima hubonyea na kushikana, na siku samaki akivuta, mshipi hutoka kwa kushtuka-shtuka badala ya kuteleza. Nguru au jodari akikimbia, mshtuko mmoja tu unatosha kukata mshipi. Kausha kivulini penye upepo. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu.

Huko ndiko kuoga kwa kila siku. Kuoga kukubwa, yaani kuifungua rili yote, kuna majira yake. Mashua nyingi za uvuvi wa mchezo upande wa Kenya hupumzika kusi inapovuma kwa nguvu, kati ya Mei na Julai. Hiyo ndiyo miezi ya kazi hii. Tandaza kitambaa cheupe mezani ili springi ndogo ikidondoka uione. Tafuta trei ya mayai. Kila kipande unachokitoa kiweke kwenye kishimo chake kwa mpangilio, cha kwanza hadi cha mwisho, na wakati wa kurudisha uanze na cha mwisho. Simu yako ina kamera, piga picha kila hatua. Washa moja ikigeuzwa upande, rili nzima inakataa. Nati nyingine hufunguka kwa upande wa kinyume na tuliouzoea. Ikikataa, simama utazame, usiongeze nguvu.

Grisi ya zamani itoe yote. Kwa gia na vipande vya chuma, mafuta ya taa na mswaki mkuukuu vinafanya kazi vizuri. Kisha futa kwa spiriti ili yasibaki mabaki. Petroli iache. Mvuke wake unashika moto kwa cheche moja, na inaweza kuharibu plastiki na rangi. Hata kwa mafuta ya taa, kaa nje, mbali na jiko na sigara.

Beringi zitie kwenye kichupa chenye kisafishio, yaani mafuta ya taa hayohayo, tikisa, mwaga, rudia mpaka kisafishio kitoke bila uchafu. Zikikauka, ichomeke moja kwenye ncha ya penseli uizungushe kwa kidole taratibu. Ikiteleza, imepona. Ikiendelea kukwaruza baada ya kuoshwa, imekufa, na hakuna mafuta duniani yatakayoifufua. Nunua nyingine. Beringi hutambuliwa kwa vipimo vitatu vya milimita: tundu la ndani, duara la nje na unene. Pima yako, nenda nayo duka la beringi mjini, usishangae ukiipata bila kuagiza ng'ambo.

Sasa ndipo tunapofika kwenye mafuta, na utaona nimechelewa makusudi. Ndani ya rili kuna sehemu zinazotaka grisi, zinazotaka mafuta mepesi, na zisizotaka chochote. Anayezichanganya anaua rili kwa mapenzi yake mwenyewe.

Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni maalumu, mara nyingi ya lithiamu, ili yasichuruzike. Mahali pake ni penye mzigo mkubwa: meno ya gia kuu na gia ndogo inayosagana nayo. Chukua brashi ndogo ya rangi, paka tabaka jembamba meno yote yalowe, basi. Ukijaza nyumba nzima ya gia, mkono utakuwa mzito, na grisi ya ziada itatafuta njia ya kwenda isikotakiwa. Grisi ya baharini inayotumika kwenye boti hufaa zaidi kwa kuwa haioshwi upesi na maji.

Mafuta mepesi yanakwenda kwenye vitu vinavyozunguka kwa kasi na mzigo mdogo. Vishikio vya mkono wa rili. Bawaba za ule waya unaokunjwa kabla ya kurusha. Na zaidi ya vyote, ile roli ndogo ambayo mshipi hupita juu yake. Roli hiyo ndiyo ya kwanza kufa, maana kila mita ya mshipi inaimwagia maji ya bahari. Ikikwama, mshipi unasugua mahali pamoja, unajisokota, unachakaa, na mvuvi analaumu mshipi. Tone moja pale, tena mara kwa mara.

Kwa zile rili ambazo spuli huzunguka wakati wa kurusha, beringi za spuli ndizo roho ya umbali. Huzunguka maelfu ya mara kwa dakika kwa kitambo kifupi. Tone moja la mafuta mepesi kila upande. Ukiweka grisi humo, chambo kitaanguka miguuni mwako.

Na sehemu zisizotaka mafuta? Ya kwanza ni washa za breki. Breki hufanya kazi kwa msuguano. Ukiitia mafuta umeondoa kazi yake. Baadhi ya washa hupakwa grisi yake maalumu ya breki, na kama yako ilikuja hivyo, tumia hiyohiyo. Ya pili ni ile klachi inayozuia mkono usirudi nyuma. Kampuni ya Shimano ya Sakai, Japani, iliyoanzishwa mwaka 1921, ilianza kwa kutengeneza frihwili za baiskeli, sehemu inayokubali kwenda upande mmoja tu, na rili zake za leo bado zinahitaji kifaa cha kazi hiyohiyo. Ndani ya klachi ya rili mna viroli vidogo na springi nyembamba. Grisi nzito ikiingia, viroli vinachelewa kushika, na unapompiga samaki ndoana mkono unakurudia kwa kishindo. Isafishe, iache karibu kavu, ukipenda ipake utando mwembamba wa mafuta mepesi. Na kama hujawahi kuifungua, usiitenganishe vipande. Isuuze ikiwa nzima.

Swali ninaloulizwa sana: mafuta gani? Watu wametumia ya nazi, ya kupikia, hata ya gari yaliyotumika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yakikaa huchacha. Ya kupikia hushika hewa yakawa gundi. Yale ya kupulizia ya kopo, WD-40, yalibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji. Ni mazuri kulegeza skrubu iliyoganda, lakini yana kiyeyusho kinachoweza kuosha grisi uliyoipaka, na mengi yake hupotea hewani. Ukiyapulizia, kumbuka kwamba bado hujapaka mafuta.

Kwa mtu asiye na uwezo wa kuagiza mafuta maalumu ya rili, kichupa cha mafuta ya cherehani kinatosha. Ni mepesi, hayana harufu ya kukera, yanapatikana karibu kila mji, na kwa kuwa aina moja ya rili ilitokana na viwanda vya nyuzi, hayajapotea njia sana.

Kabla sijaagana nanyi, nivunje imani moja ya sokoni. Muuzaji anakuonyesha rili, anaipiga spuli kwa kidole, inazunguka muda mrefu, anakutazama kwa fahari. Usinunue kwa hilo. Beringi kavu kabisa, isiyo na tone la mafuta, ndiyo huzunguka muda mrefu kuliko zote, nayo ndiyo inayochakaa mapema na kupiga kelele. Rili iliyotunzwa huzunguka muda wa wastani na haina sauti. Jaribu kwa njia nyingine: shika mkono, zungusha polepole sana, ukiwa umefumba macho. Mkwaruzo wowote utausikia kwenye vidole kabla ya masikio.

Wenye mashua nao nina neno kwao. Kijana anayebaki gatini jioni kuosha rili, wageni wakiwa wamekwenda kupiga picha na nduaro wao, ndiye anayelinda mali yenu. Mara nyingi halipwi kwa kazi hiyo, anaifanya kwa haraka ili awahi matatu au daladala, na haraka yake mnailipia kwa rili mpya. Mpeni saa moja yenye malipo, mswaki na maji yasiyo na chumvi. Na ninyi vijana mnaojua kufungua cherehani na injini za boti, hii ni kazi iliyo wazi. Miji yetu ina mafundi saa, mafundi simu na mafundi redio. Mafundi rili ni wa kutafutwa kwa tochi.

Kwa leo nakuachia kazi moja. Leo hii, chukua rili yako uizungushe polepole kama nilivyosema. Ikikwaruza, kopo la mafuta liache rafu, tafuta bisibisi na trei ya mayai.